Maana ya Kufanikiwa

Hotuba kwa walimu na watu wa mitaa, katika siku za Yubile



Nimepewa kazi ya kusema juu ya neno moja tu. Huenda wengine wakaona ni jambo dogo, maana katika sikukuu kama hii watu hupenda kusikia hesabu: makanisa mangapi yamejengwa, shule ngapi zimefunguliwa, watu wangapi wamebatizwa. Hesabu hizo ni njema, nazo zina mahali pake. Lakini kila azisikiaye hujiuliza moyoni, "Je, tumefanikiwa?" Wala hawezi kujibu mpaka ajue kwanza kufanikiwa ni nini. Neno hili latoka vinywani mwetu kila siku. Twalitumia katika sala, katika barua, katika arusi, na siku yatangazwapo matokeo ya mtihani. Na kwa neno hilo twapima watoto wetu, na majirani zetu, na nafsi zetu wenyewe. Pishi ikiwa mbovu, kila kilichopimwa kwayo kimepunjwa. Basi yafaa leo tuiangalie pishi yenyewe.

Na tuanze nyumbani, katika Kiswahili chetu. Lugha yetu haina neno moja tu la jambo hili. Inayo mengi, na kila moja lina habari yake.

La kwanza ni kufaulu. Siku hizi tusikiapo neno hili twafikiri mtihani. Walakini katika kamusi za kale limeandikwa pamoja na maana ya baharini: chombo kikipita rasi au mwamba kwa salama, husemwa kimefaulu. Watu wa pwani wajua uzito wa jambo hilo. Nahodha aonapo rasi mbele yake, na upepo ni wa mbisho, na mawimbi yapiga mwambani, hawazi habari ya kuvitangulia vyombo vya wenzake. Awaza kukipitisha chombo chake na watu waliomo. Na akiisha kupita hashushi tanga akalala, kwa kuwa rasi si bandari. Amepita mahali pa hatari ili safari iendelee. Basi kumbe katika neno hili la wanamaji hamna shindano la mtu na mwenziwe, wala hamna mwisho wa safari.

La pili ni kufanikiwa kwenyewe. Mzizi wake ni kufana. Twasema arusi imefana, shughuli imefana. Yaani, imekuwa njema kama ilivyotazamiwa. Kutoka katika kufana wazee walipata kufanikia, wakasema, "Mungu amemfanikia". Na kutoka katika kufanikia twapata kufanikiwa. Ninyi walimu mfundishao sarufi, angalieni: hiki ni kitenzi cha kutendwa. Apendwaye yuko ampendaye. Aitwaye yuko amwitaye. Na afanikiwaye, yuko amfanikiaye. Mtu akisimama mbele ya watu na kusema, "Nimefanikiwa," amekwisha kukiri kwa kinywa chake, ajapokuwa hana habari, ya kwamba mwingine amemtendea. Hawezi kujisifu kwa neno hili pasipo kuiharibu lugha yake.

La tatu ni kusitawi. Neno hili limetoka katika Kiarabu, istawa, ambalo maana yake ni kuwa sawa, na tena kukomaa na kuiva. Twalitumia hasa kwa mimea. Mhindi hausitawi kwa kupigiwa kelele, wala kwa kuvutwa majani ili urefuke upesi. Una wakati wake. Mkulima apalilia, angoja mvua, tena angoja.

La nne ni kushinda. Twasema askari amemshinda adui. Na twasema pia kwamba mama yetu amekwenda kushinda shambani, yaani kukaa huko mchana kutwa. Sauti ni ile ile kwa mambo yote mawili, nasi twaweza kupata funzo humo. Mara nyingi anayeshinda ndiye yule aliyeshinda pale pale, asiondoke jua lilipokuwa kali.

Sasa tutoke nyumbani, tuende katika Maandiko. Katika Kiebrania, lugha ya Agano la Kale, neno la kufanikiwa ni "tsalakh". Mahali tulionapo kwanza katika habari za mababu ni sura ya 24 ya Mwanzo. Mtumishi wa Ibrahimu ametumwa safari ya mbali kumtafutia Isaka mke, naye amesimama kisimani, amtazama Rebeka kimya, apate kujua kama Mungu ameifanikisha njia yake au sivyo. Mtumishi huyu hakutafuta lake mwenyewe. Alikwenda kwa ajili ya nyumba ya mwingine. Tena kilichofanikishwa ni njia.

Halafu tufunue sura ya 39. Hapo Maandiko yamwita mtu mmoja kwa jina la mwenye kufanikiwa. Ni nani huyo? Ni Yusufu. Na alipoitwa hivyo alikuwa katika hali gani? Hakuwa mkuu wa Misri bado. Alikuwa mtumwa, ameuzwa na ndugu zake, ametwaliwa na kupelekwa nchi ya ugeni, amenunuliwa na Potifa. Sura ile ile yaendelea, Yusufu asingiziwa, atiwa gerezani. Na mwisho wa sura, yumo kifungoni, Maandiko yasema tena neno lile lile, kwamba Bwana aliyafanikisha aliyoyatenda. Kama sisi tungaliandika habari ile, bila shaka neno hilo tungaliliweka akiba mpaka sura ya 41, Yusufu avikwapo pete na kupandishwa garini. Mwandishi wa Mwanzo hakungoja. Amelitia utumwani na gerezani, na sababu yake ameitaja waziwazi: Bwana alikuwa pamoja naye.

Wayahudi waliolifasiri Agano la Kale kwa Kiyunani walitumia kwa jambo hili neno "euodoo", nalo limeingia pia katika Agano Jipya. Limejengwa kwa maneno mawili: "eu", yaani vema, na "hodos", yaani njia. Maana yake ni kupewa njia njema. Mtakatifu Paulo alilitumia katika sura ya kwanza ya waraka wake kwa Warumi, akiomba kwamba kwa mapenzi ya Mungu apewe njia njema ya kwenda kwao Rumi.

Je, alipewa? Someni mwisho wa kitabu cha Matendo. Alikamatwa Yerusalemu. Alikaa kifungoni Kaisaria miaka 2. Akatiwa chomboni pamoja na wafungwa wengine, tufani ikawashika, siku nyingi hawakuona jua wala nyota, na chombo kikavunjika kisiwani Melita. Chombo kile hakikufaulu. Lakini watu waliokuwamo, roho 276, walifika pwani wote, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Kisha, baada ya miezi mitatu, Paulo akaendelea, akafika Rumi akiwa na minyororo. Hiyo ndiyo njia njema aliyopewa. Akaaye siku zote bandarini aweza kusema kwamba ombi la Paulo halikujibiwa; lakini Warumi walimpokea, nao waliisikia Injili kinywani mwake.

Tena tutazame Kilatini na Kiingereza, kwa kuwa vijana wetu hujifunza neno "success" shuleni, nao hulifikiri kuwa ni jina la fedha na cheo. Asili yake ni neno la Kilatini "succedere", nalo pia limeunganishwa kwa mawili, "sub", yaani chini, na "cedere", yaani kwenda. Maana yake ilikuwa kwenda chini ya kitu, na kukaribia, na hasa kufuata nyuma ya mwingine. Ndiyo sababu kwa Kiingereza mfalme anayetawala baada ya mwenziwe huitwa kwa neno la mzizi ule ule. Zamani "success" ilikuwa ni yale yatokeayo baada ya jambo, mema au mabaya; kwa hiyo watu waliweza kusema habari ya "success" mbaya, wala isiwe ajabu. Na wafasiri wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, walipofika sura ya kwanza ya Yoshua, walitia neno "njema" ubavuni mwake ili watu wafahamu. Baadaye neno "njema" likaanguka, na maana ya kufuata ikasahauliwa. Wazee wetu wasingalistaajabu kusikia asili hiyo, kwa kuwa husema: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi, ndugu zangu, maneno haya yametoka nchi mbalimbali na watu mbalimbali. Mwanamaji asema kupita hatari. Mkulima asema kuiva. Mwebrania na Myunani wasema njia. Mrumi asema kufuata nyuma. Sikuona hata moja katika haya ambalo asili yake ni kusimama juu na kuwatazama wengine walio chini. Maana hiyo tumeileta sisi. Kama kufanikiwa ni njia, basi swali la yubile haliwi "Tumefika juu kiasi gani?" Swali ni hili: "Ni nani aliyepita kwa njia tuliyoifungua, na ni nani anayefuata nyuma?"

Ili jambo hili lisiwe maneno matupu, nataka kuwakumbusha habari za Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyozaa makanisa mengi ya Unguja, na ya bara, na ya kandokando ya ziwa la Nyasa. Tarehe 4 Desemba 1857 Daktari David Livingstone alisema na watu wa chuo cha Cambridge, akawaambia kwamba yeye arudi Afrika kufungua njia, akawaachia wao kazi ya kuiendeleza. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie na wenzake walifika nchi ya mto Shire, wakakaa Magomero, katika nchi iitwayo leo Malawi, pamoja na watumwa waliokwisha kufunguliwa mikononi mwa wafanya biashara ya watu. Walishika bunduki wakapigana na wateka watu. Na jambo hilo lililaumiwa sana Uingereza siku zile, wala lawama yenyewe haijakwisha hata leo.

Mwezi wa Januari 1862 Askofu Mackenzie na kasisi Henry Burrup walisafiri mtoni. Mtumbwi wao ukajaa maji, na dawa zao za homa zikapotea. Askofu alikufa tarehe 31 Januari 1862, karibu na mahali mto Ruo uingiapo katika Shire. Burrup alirudi Magomero, naye akafa mwezi uliofuata. Mwaka 1863 wakafa wengine wawili wa jamii ile, Scudamore na Dickinson. Mwaka ule ule akaja Askofu William Tozer kushika mahali pa Mackenzie, akaona kwamba kazi haiwezi kuendelea kule. Na mwaka 1864 akahamia Unguja. Wengi walimkasirikia, na Livingstone mwenyewe miongoni mwao. Walisema misheni imekimbia.

Tufanye hesabu ya mwaka 1864 kwa kipimo cha watu. Askofu mmoja kaburini. Makasisi makaburini. Mahali pa kwanza pameachwa. Fedha nyingi zimekwisha. Nani angalithubutu kuandika kwamba misheni hii imefanikiwa?

Huko Unguja Askofu Tozer alipewa na Sultani wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Watano tu, hata darasa moja halikujaa. Mmoja wao ni yule aliyeitwa baadaye John Swedi, akawekwa shemasi mwaka 1879. Nyuma ya Tozer alifuata Askofu Edward Steere, aliyekaa na Kiswahili miaka mingi, akitengeneza kamusi na sarufi na tafsiri. Kitabu chake cha kufundishia lugha yetu kilitoka mwaka 1870. Mwezi wa Juni 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba, na siku ya Noeli ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa la Kristo pale Mkunazini, katika kiwanja kile kile walipokuwa wakiuzwa watu. Steere alikufa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lile. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa katika utoto wake, aliwekwa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa daraja hiyo, akafanya kazi Chitangali, bara ya kusini. Na mwaka 1885 misheni ilikuwa imekwisha kurudi kwenye nchi za Nyasa, ikakaa kisiwani Likoma. Chauncy Maples, aliyewekwa kuwa Askofu wa huko mwaka 1895, alikufa maji ziwani mwaka ule ule. Na kazi haikukoma, kwa kuwa wengine walifuata.

Angalieni basi. Mackenzie hakumwona Swedi, wala Majaliwa. Hakuona jiwe hata moja la Mkunazini. Lakini wale waliomfuata walipita kwa njia aliyoanza, wakijua kwa makosa yake mahali mwamba ulipo. Wala tusisahau ya kwamba pamoja na majina haya machache wako walimu, na wapagazi, na wake za walimu, na wafundishao katekisimu vijijini, ambao majina yao hayakuandikwa mahali po pote. Wao nao walitangulia, nasi tumefuata.

Hata neno yubile lenyewe latufundisha. Asili yake ni neno la Kiebrania, "yovel", yaani pembe ya kondoo dume iliyopigwa kutangaza mwaka wa hamsini. Sura ya 25 ya Walawi yatueleza mambo ya mwaka ule: mtumwa huachwa huru, na aliyeuza shamba lake kwa shida hurudishiwa. Fikirini ilivyokuwa kwa mtu aliyefanikiwa kwa miaka arobaini na tisa, akinunua shamba baada ya shamba. Pembe ikilia, yeye ndiye aliyepaswa kurudisha. Yubile haikuwa siku ya kuhesabu tulivyokusanya, ila siku ya kutazama ni nani aliyefunguliwa.

Sasa nataka kusema nanyi walimu. Katika mikono yenu neno kufaulu lina nguvu nyingi kuliko mahali pengine pote. Matokeo yakitangazwa, nyumba moja huchinja kuku, na nyumba ya pili hufunga mlango. Mtoto wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne husikia kwamba ameanguka, naye huamini kuwa ni mtu wa kuanguka. Sisemi mtihani ni mbaya. Ni rasi, na nahodha hana budi kujifunza kuipita; mwalimu asiyewafundisha watoto vizuri, kisha akasema Mungu ndiye afanikishaye, huyo amtwika Mungu uvivu wake. Mtumishi wa Ibrahimu aliomba kisimani, lakini kwanza aliwapandisha ngamia akasafiri. Ila nawasihi: msimwambie mtoto kwamba rasi ndiyo bandari. Aliyeipita mwambieni kwamba safari ingali mbele, na kwamba amepitishwa na wengi. Na aliyeshindwa kuipita, msimwache majini. Mtafutieni njia nyingine: ufundi, kilimo, kurudia masomo, mkono wa kushika. Kumbukeni chombo cha Melita. Wengine walifika kwa kuogelea, wengine juu ya mbao, na Mungu aliwahesabu wote 276.

Na ninyi wazee wa mitaa, na wazazi. Wako siku hizi wahubirio kwamba mali ndiyo alama ya kupendwa na Mungu, na kwamba maskini na mgonjwa wamekosa imani. Maneno hayo ni matamu kwa mwenye nacho, na ni sumu kwa asiye nacho. Mjane auzapo kuku wake wa mwisho apate kutoa sadaka ya kununua baraka, na baraka isionekane, atabaki na hasara mbili: hana kuku, na adhani hana Mungu. Mjibuni kwa habari za Yusufu. Mwambieni kwamba Maandiko yalimwita mwenye kufanikiwa alipokuwa hana hata nafsi yake mwenyewe, kwa kuwa Bwana alikuwa pamoja naye. Wala msimjibu kwa maneno tu, bali mchukulieni unga.

Nina neno moja lililosalia. Lile neno la Kiebrania nililolitaja, "tsalakh", laonekana tena katika sura ya 53 ya Isaya, sura isomwayo na Kanisa siku ya Ijumaa Kuu. Hapo pameelezwa habari za Mtumishi aliyedharauliwa, akapigwa, akapelekwa kuuawa, akazikwa. Ndipo nabii alipoandika kwamba mapenzi ya Bwana yatafanikiwa mkononi mwake. Mkono huo, wapenzi, twajua ulivyokuwa. Ulikuwa umetobolewa kwa msumari. Wote waliopita chini ya msalaba siku ile walitikisa vichwa, wakaona kazi ya mtu yule imekwisha bure; wanafunzi wake wenyewe walikimbia. Na njia iliyofunguliwa siku ile ndiyo tunayoiendea hata leo.

Basi tukitoka hapa tuzichukue hesabu zetu za yubile kwa shukrani, tukikumbuka kwamba kitenzi chetu ni cha kutendwa. Tuwaombee waliotangulia. Tutazame nyuma yetu, tuone ni nani afuataye, na kama njia imezibwa mbele yake, tuifyeke. Na Bwana aliyempa Paulo njia njema katikati ya tufani, atupe sisi pia njia njema, na kuwapitisha salama wote tulio nao chomboni, mpaka bandarini kwake. Amina.